Magoti ya Ng'ambo

Wivu juu ya mwanamke mwenzako unajua pa kuupeleka. Unamvizia sokoni, mnatoleana maneno, yanaisha. Mimi, katika ile miaka ya tisini hapa Busia, niliionea wivu nchi nzima, na nchi huwezi kuivizia sokoni.

Mume wangu alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, akiwavusha mpaka kwenda upande wa Uganda. Tangu tuoane alirudi nyumbani mchana kula. Kisha akaanza kula huko huko, na jioni badala ya kuomba chakula akawa ananisimulia. Eti kuna mama muuza chakula ambaye hupiga magoti anapompa sahani. Eti humwambia "Gyebale, ssebo," yaani anamshukuru bwana kwa kazi.

"Mama watoto, huko unashukuriwa hata kwa kuchoka," aliniambia. "Hao watu wana heshima. Sisi Wakenya tunajua tu kelele."

Nilichemka. Hao ndio tuliokuwa tukiwaonea huruma nchi yao ilipoharibika, wakivuka kuja kutafuta sabuni na chumvi kwetu. Leo wamegeuka walimu wa adabu? Redio yetu iliisifu Kenya asubuhi hadi jioni, kwaya baada ya kwaya, na sikuwahi kuona mwanamume akikanyaga baiskeli kwa haraka kwa ajili ya kwaya. Uganda ilimnasa wangu kwa sahani ya matoke na mchuzi wa njugu.

Nikajaribu na mimi. Jumapili moja alipokuwa nyumbani nilimpelekea ugali na omena, nikapiga magoti.

Alicheka mpaka akakohoa. "Amka, utachafua leso," akasema, akavuta sahani. Nilirudi jikoni nikalia, wala haukuwa moshi.

Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Siku aliyoenda Malaba kutafuta tairi, nilivuka.

Kibanda nilikitambua kwa baiskeli za watu wetu zilizoegeshwa nje. Mama mwenyewe alikuwa wa rika langu, amevaa gomesi, lile gauni la Kiganda lenye mabega yaliyochongoka. Alipiga magoti kweli, kwa kila mwanamume aliyeketi, na sauti yake ilikuwa laini hata mimi nikataka kushukuriwa. Nilimchukia papo hapo. Nikaonja matoke yake, yalikuwa matamu, nikamchukia zaidi.

Wateja walipopungua alishika sufuria ya moto kwa bahati mbaya, akapiga kelele kwa Kisamia. Hiyo ni lugha yangu. Lakini Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, kwa hivyo nikamuuliza yeye ni wa upande gani.

"Mimi? Wa Funyula, Kenya hiyo hiyo," akasema, akipuliza kidole. "Nalala hapo tu upande wetu. Asubuhi navuka, jioni narudi."

"Na hayo magoti?"

"Mwanzo nilikuwa nauza nikiwa nimesimama. Wakenya wananipita tu, wanaenda kwa mwenye anapiga magoti. Mkenya akivuka anataka Uganda, dada. Nikimpa Funyula, si angekaa kwao?"

"Na nyumbani pia unampigia bwana yako?"

Akacheka. "Huyo anajipakulia mwenyewe."

Nilirudi nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Uganda yote iliyokuwa imenikosesha usingizi ilikuwa ni jirani yangu aliyevaa gomesi. Akilini nilimwona mume wangu tayari amekaa mezani kwangu mchana, ameinamisha kichwa kwa aibu, na mimi namwongezea mboga kwa huruma.

Jioni nilimwacha anawe kwanza. Kisha nikamweleza yote, polepole, nikifurahia kila neno: Funyula, kulala upande wetu, bwana anayejipakulia. Alisikiliza mpaka mwisho na hakubisha hata kidogo. Nikafikiri amenielewa.

"Sasa umejionea mwenyewe," akasema. "Uganda ni Uganda. Hata Msamia wa Funyula wamemfunza."

Kesho yake nilipika mapema, nikamfunikia chakula chake. Mchana ulipopita nilikifunua, nikakila mimi.