Mtoto wa Kadibodi Mlangoni pa Zahanati

Hata kampuni kubwa ina utoto wake, ilitambaa sakafuni na kamasi puani. Hii ya kusanifu majengo, ambayo leo ina ofisi hata huko jua linakofika limechoka, ilizaliwa juu ya meza ya kulia ya Bi Mkasi. Chakula kikiiva, kampuni nzima inakunjwa na kusukumwa uvunguni mwa kitanda.

Mwenye kampuni alikuwa kaka yake, msanifu mwembamba waliyemwita Rula. Akisimama kiubavu humwoni mpaka akohoe. Rula alichora, dada yake akajenga vijumba vya kadibodi vya kuwaonyesha wateja, pamoja na vijitu vya kusimama ndani yake. Gundi aliipika mwenyewe, na hakuona haya kuisifu.

"Nyumba itaanguka," alijigamba, "gundi yangu itabaki imeshikilia hewa!"

Kijumba cha kwanza kilikuwa cha zahanati, nacho kilitaka mtoto mlangoni. Bi Mkasi akamsimamisha binti yake, mtoto wake wa pekee, penye mwanga wa dirisha, akakata umbo lake: kitumbo mbele, kidole mdomoni, utepe umelegea kichwani.

"Mama, nimechoka."

"Simama, namaliza sasa hivi. Ukicheka nakukatia na mkia."

Mtoto akacheka vilevile. Zahanati ikapendwa, Rula akapata jina. Mwaka haujaisha, homa ikamchukua yule mtoto. Picha yake haikuwepo hata moja. Nani apige picha ya mtoto anayekimbia ndani kutwa nzima? Kilichobaki ni kile kikadibodi, kirefu kama ukucha, mlangoni pa zahanati.

Tangu hapo Bi Mkasi hakukata mtoto tena. Kampuni ikavuka mpaka, ikavuka bahari, ikachora mabenki na viwanja vya ndege, na katika vijumba vyote hivyo walitembea wanaume wa kofia na wanawake wa mikoba tu. Mteja mmoja wa mbali akauliza, "Jengo langu lina nini? Wanaoingia wote tasa?" Rula akajikuna kisogo, akajibu kwamba huo ndio mtindo mpya. Wakapewa tuzo.

Kisha ikaja mashine ya kutoa vijitu, ikatema watu kama mdomo utemavyo mbegu. Rula akafa. Mwanawe akashika usukani, akampa shangazi yake kiti karibu na mapokezi na kazi ya kutomsumbua mtu. Bi Mkasi akakaa hapo akitazama kile kijumba cha zahanati, kilichowekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo. Kila asubuhi alimwamkia mtu wake wa mlangoni kimoyomoyo.

Siku moja wakaingia wapakiaji na makreti. Zahanati inakwenda makao makuu mapya, ng'ambo.

"Baba," alimwambia mpwa wake, "nipe mtoto wangu tu. Hayo mengine chukueni."

"Huyo tu, shangazi? Mchukue! Mashine itatoa mwingine kabla chai yako haijapoa."

Kioo kikafunguliwa. Bi Mkasi akavuta taratibu. Gundi haikutikisika. Akaipulizia, akailowesha kwa mate, akaisihi kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Vuta tu, shangazi, gari linangoja."

"Subiri, baba. Anakuja."

Akaja kweli, kuanzia magotini kwenda juu. Miguu ilibaki mlangoni, imeshikwa barabara, kama alivyojigamba mwenyewe.

Mashine ikatoa mtoto mwingine, ana puto mkononi. Wakamsimamisha mbele ya ile miguu ili isionekane, wakapigilia kreti misumari.

Nyumbani, kwenye meza ileile, Bi Mkasi anamwegemeza mtu wake kwenye kikombe. Anaanguka kifudifudi. Anamwegemeza kwenye kopo la sukari. Mlango wa jirani ukibamizwa tu, chini. Gundi ingeweza kumsimamisha, lakini Bi Mkasi hapiki gundi tena.

"Simama, mama," anamwambia, akimwinua kwa ncha ya kidole. "Namaliza sasa hivi."