Mkalimani wa Chumba cha Nyuma

Watu wengi huhamia jiji kubwa wakifuata kazi. Chiriku alifanya kinyume: aliliacha jiji kubwa akiwa na kazi yake begani, ndani ya begi la laptopu, akaenda kukaa mji mdogo kwa shangazi yake. Rafiki zake walimcheka, wakamwambia anakwenda kuzeeka kabla ya siku zake. Wala hakuwasikia. Siku ya kufungasha alikuwa akiimba huku anakunja nguo, na ungemwona ungedhani anaolewa.

Jina la Chiriku alipewa utotoni na marehemu baba yake kwa sababu ya mdomo. Alianza kuongea mapema na hakuona haja ya kupumzika. Sasa ulimi ule ule ndio uliomlisha, maana alikuwa mkalimani wa simu. Huko nchi za mbali wako watu wetu waliohamia na lugha ya wenyeji bado inawapiga chenga. Mmoja wao akienda hospitali, au benki, au kumwona mwalimu wa mtoto wake, wenyeji hupigia kampuni fulani, na kampuni humtafuta mkalimani aliye tayari. Mkalimani mwenyewe anaweza kuwa popote palipo na umeme, mtandao na kimya.

Kazi hiyo ina miiko miwili. Wa kwanza ni siri: unayoyasikia unayazika. Wa pili unawashangaza wengi. Mkalimani hasemi "daktari anasema hivi." Daktari akisema "nitakupasua Jumatatu," mkalimani naye husema "nitakupasua Jumatatu," kama vile kisu kiko mkononi mwake. Haongezi neno wala hapunguzi. Kwa siku moja Chiriku aliweza kuwa daktari, mwanasheria na mwalimu mkuu, kisha akala chakula chake kama mtu wa kawaida.

Kilichomshinda jijini ni kelele. Chumba chake kilikuwa juu ya karakana ya wachomelea mageti, na kila mazungumzo yalipofika pahali nyeti, grainda ya kukatia vyuma ilianza kulia. Siku moja daktari wa watu akauliza kama huko aliko kuna mtu anakatwa. Kampuni ikamwandikia kwa upole ule unaotisha kuliko matusi: atafute pahali patulivu, la sivyo waagane kwa wema. Ndipo akamkumbuka shangazi, mjane, fundi wa kushona sare za shule, mwenye nyumba nzima na chumba cha nyuma ambacho hakuna aliyelala humo tangu wanawe waoe na kuolewa.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Mama yake Chiriku na shangazi huyo, wifi yake, hawakuwa wakisemezana tangu msiba wa baba. Kosa lenyewe hakuna aliyelikumbuka vizuri. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze kupiga simu, na wote wawili walikuwa hodari wa kungoja. Walisalimiana kwa kupitia watu: mwambie wifi nimemsalimu, mwambie nami nimepokea. Chiriku aliomba ruhusa kwa mama, akaomba chumba kwa shangazi, akabeba majibu huku na huko mpaka mambo yakakaa sawa. Mama alikubali kwa shingo upande.

"Nenda," alisema. "Lakini nikisikia neno moja baya, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Chiriku alikuwa mtu mzima, anajilisha na kujivisha. Kwa mama yake hilo halikuwa na uzito wowote.

Basi mji mdogo ukampokea. Nani alisema mji mdogo hauna mambo? Mjini humo uliweza kutoka nyumbani, ukanunua nyanya, ukapeleka viatu kwa fundi, ukalipia umeme, ukarudi na sufuria bado haijachemka. Muuza mboga alimjua siku ya pili, na siku ya tatu akamkaripia kwa kununua kwa jirani yake. Fundi wa mtandao alikuja saa ile ile aliyosema atakuja, jambo ambalo Chiriku alitaka kumpigia makofi. Alipitisha waya juu ya dari, akatoboa ukuta tundu dogo, akafagia vumbi lake mwenyewe. Chiriku akatundika mablanketi mazito kwenye kuta mbili ili sauti isirudi, akaweka meza mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani na kamba ya nguo, akavaa hedifoni, akajaribu. Kimya. Alisikia hata pumzi zake. Alicheka peke yake kwa furaha, na simu ya kwanza ilipoingia alitafsiri vizuri mpaka muuguzi wa upande wa pili akamshukuru mara mbili.

Shangazi naye alijitahidi. Aliambiwa kuna kazi ya kompyuta inayotaka utulivu, na mtu huyo, ambaye cherehani yake ilikuwa hainyamazi tangu asubuhi, akawa anaizima kila mlango wa chumba cha nyuma unapofungwa. Alikaa sebuleni akishona vifungo na kutengeneza pindo kwa mkono. Wema huo ndio ulioleta balaa. Cherehani ilipokuwa ikilia, shangazi hakusikia kitu. Ilipozimwa akasikia kila kitu, na mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi.

Kwanza alisikia: "Mimi ni daktari wa watoto. Mtoto anaharisha tangu lini?" Akashtuka, sindano ikamchoma kidole. Akajisemea pengine anasoma kitabu. Kikapita kimya, kikafuata Kizungu kingi asichokielewa, kisha: "Basi mlete kesho, nitampima mwenyewe." Baada ya chakula cha mchana mtoto huyo huyo wa kaka yake akawa mwanasheria. "Kesi yako nitaisimamia mimi. Usizungumze na mtu mwingine yeyote." Na jioni, kwa sauti tamu iliyonyooka: "Mimi ni ofisa wa benki yako. Kwa usalama wako, naomba unitajie tarehe yako ya kuzaliwa."

Hapo shangazi akaweka sare chini. Nani asiyewajua matapeli wa simu? Yeye mwenyewe waliwahi kumpigia wakimwambia ameshinda gari. Na kumbe mmoja wao analala kwake, anakula kwake, anajifunika blanketi lake.

Kesho yake alimwuliza, akijifanya hamnazo, "Mwanangu, hiyo kazi yako hasa ni ya nini?"

"Ya kompyuta, shangazi. Nawasaidia watu waelewane."

"Watu gani?"

"Hilo siwezi kukwambia. Ni siri."

Siri! Chiriku alilisema neno hilo kwa fahari ya mtu anayeheshimu mwiko wa kazi yake, akamalizia chai, akaenda zake chumbani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Chiriku kamba hiyo alikuwa ameifunga mwenyewe.

Shangazi hakulala vizuri. Kumfukuza mtoto wa marehemu kaka yake hakuweza, kunyamaza akapelekwa jela hakuweza pia. Akaenda kwa jirani, askari mstaafu aliyekuwa akifuga kuku. Askari akaja kusalimu, akakaa sana, akamtazama Chiriku machoni, akamwuliza ana laini ngapi za simu. Chiriku, aliyempenda kila mtu katika mji huo, alifurahi kutembelewa, akamsindikiza mpaka getini na kumwambia asipotee. Askari akaondoka akisema moyoni kwamba tapeli mkavu kama huyu hajapata kumwona. Na kwa kuwa shangazi hakuwa tayari kuanza yeye kumpigia wifi yake, askari ndiye aliyempigia mama.

Simu ya mama ilimkuta Chiriku mezani, hedifoni kichwani, akingoja zamu yake ianze. Akaipokea kwa hedifoni hiyo hiyo.

"Fungasha," mama alisema. "Nakuja keshokutwa. Nimepigiwa simu na polisi."

"Polisi gani, mama?"

"Polisi wa kuku, sijui. Anasema unajifanya daktari."

Chiriku aliangalia mablanketi yake ukutani, waya wa mtandao uliopita vizuri juu ya dari, dirisha lake. Arudi wapi, kwenye grainda? Huko kazi ingekufa katika wiki moja. Na mbali ya kazi, alikuwa amekwisha kuupenda mji huu, hakutaka kuuacha, na wazo la kuuacha lilimuuma kama mtu aliyeishi hapo miaka. Akafungua mlango, simu mkononi. Shangazi alikuwa amesimama hapo hapo nje, mkono mmoja kiunoni, wala hakujaribu kujificha.

"Mama yuko kwenye simu," Chiriku alisema. "Ongea naye, shangazi."

"Mimi sina la kuongea naye. Mwambie nilitimiza wajibu wangu."

Sikioni mama naye, aliyesikia yote, akawaka: "Mwambie shangazi yako nimeumia sana kuletewa habari za mwanangu na mtu baki."

Chiriku alikuwa amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hufanya alilozoea. Akanyoosha mgongo, akamtazama shangazi, akasema kwa sauti yake ya kazini, "Nimeumia sana kuletewa habari za mwanangu na mtu baki."

"Mwanao?" shangazi alisema. "Una mtoto wewe?"

"Si mimi. Ni mama. Hayo ni maneno ya mama."

"Mbona umesema 'mwanangu'?"

Chiriku akaona yote kwa mara moja: mlango wa mbao nyepesi, cherehani iliyozimwa, laini za simu za askari. Alianza kucheka, akajizuia kwa shida.

"Shangazi, ndiyo kazi yangu hiyo. Mtu wa lugha hii anaongea, mimi natia katika lugha ile. Mwenyewe akisema 'mimi,' nami nasema 'mimi.' Hatuongezi, hatupunguzi."

Shangazi akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo yule daktari wa watoto..."

"Yupo, wa kweli, na shahada zake. Ila hilo hukulisikia."

"Na wa benki?"

"Hata huyo hukumsikia."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika, na Chiriku hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipouona uso. Vilikuwa vyote viwili.

"Anasemaje huyo?" mama aliuliza sikioni. "Mbona kimya? Mwambie..."

"Mama, kazini hatukubali 'mwambie.' Sema naye mwenyewe, mimi nisahauni. Shangazi, na wewe pia."

Wote wawili wakaanza kungojana tena. Safari hii shangazi akashindwa kungoja.

"Wifi," alisema, akimtazama Chiriku lakini si yeye anayemwona. "Sikuwa nampeleleza mtoto. Nyumba hii imekaa bila sauti ya mtu muda mrefu. Nilipomsikia humu ndani nilifurahi, nikawa nasikiliza tu. Usije ukamchukua."

Chiriku akayarudia yote katika hedifoni, neno kwa neno, kwa sauti iliyonyooka. Aliwahi kuwaambia watu habari za vifo kwa sauti hiyo na haikumsaliti.

Mama akasema polepole, "Hata mimi nyumba yangu imenyamaza. Si polisi aliyenifanya nitake kuja. Nimemkumbuka mwanangu."

Chiriku akamgeukia shangazi. "Hata mimi nyumba yangu imenyamaza," alisema. "Si polisi aliyenifanya nitake kuja. Nime..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, haikuja. Yule ambaye mdomo wake haukupata kupumzika tangu utotoni alishindwa na maneno mawili tu yaliyobaki, na mwana aliyetajwa humo alikuwa yeye mwenyewe.

Akavua hedifoni, akachomoa waya, akaiweka simu mezani. Pumzi za mama zikajaa chumbani.

"Wifi," shangazi aliiambia simu. "Hujambo?"

"Sijambo, wifi. Mbona umenitupa hivyo?"

Chiriku alitoka akarudisha mlango nyuma yake. Akasimama sebuleni kati ya marundo ya sare, akisikia sauti mbili zikipandana, zikishushana, zikichekana, bila kumhitaji. Hakujaribu kufuata maneno. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakujua aiweke wapi mikono yake.

Baadaye shangazi akapaza sauti kutoka ndani, "Usifungashe, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya shangazi. Maneno Chiriku hakuuliza ni ya nani kati yao.