Tuzo ya Darasa la Ntinda

Leo nimempigia makofi mtu aliyepewa tuzo kwa kazi yangu.

Chuo chetu kilikuwa kinawatuza wahitimu waliofanikiwa, hotelini Nakasero.
Brenda, niliyesoma naye, akaitwa jukwaani: "Ameanzisha darasa la kusoma kwa akina mama wa sokoni Ntinda!"

Jamani. Darasa hilo nalifundisha mimi, mwaka wa sita sasa. Brenda alikuja mara moja tu, na mpiga picha.

Mama Aisha, mwanafunzi wangu, akapewa maiki atoe shukrani. Akaninyooshea kidole: "Mwalimu wetu ni yule pale."



Emsii akamnyang'anya maiki. "Asante nyabo, asante mama, muda umeisha."

Brenda akanifuata mlangoni. "Dada, usikasirike. Njoo tupige picha."

Nikaondoka. Mama Aisha akanikimbilia: "Mwalimu, Jumamosi tunasoma?"


Nyinyi mngemwambia nini?