Mpishi Aliyesahihisha Hukumu ya Mangi

Mektrida wa Kirua Vunjo aliajiriwa kupika, basi. Swaleh, mwongozaji wa filamu kutoka Moshi mjini, alikuwa amekodi shamba la jirani kwa wiki tatu ili atengeneze filamu ya mapenzi ya enzi za Mangi, mtawala wa Wachaga: binti yake anampenda mhunzi, na wahunzi hawaozeshwi binti wa Mangi. Mektrida, mjane wa miaka sitini na miwili, mkulima wa ndizi na kahawa, akapewa kazi ya kuwalisha watu ishirini. Machalari yake ya ndizi na nyama yaliwanyamazisha wote siku ya kwanza.

Siku ya tano walifanya mazoezi ya tukio kubwa. Hosea, aliyeigiza mhunzi, alipiga magoti mbele ya Mangi akiwa ameshika jani la sale kwa mikono miwili, anaomba msamaha kwa kumtorosha binti. Mangi akalipiga teke jani, akaamuru kijana auawe. Aika, aliyeigiza binti, akaangua kilio.

Mektrida akaweka mwiko chini, akawafuata.

"Hapo mmedanganya."

Swaleh aligeuka. "Shikamoo mama. Tumedanganya wapi?"

"Marahaba. Sale halikataliwi, mwanangu. Ukiletewa, unasamehe, hata kama umeumizwa vipi. Mangi akilipiga teke, kesho nani atamtii?"

"Lakini hii ni hadithi ya huzuni, mama. Akisamehe si wataoana?"

"Nani kakwambia msamaha ni harusi?" Mektrida alifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nilitoroshwa na kijana niliyempenda, nikiwa na miaka kumi na tisa. Ukoo wa yule kijana uligombana na wetu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alinirudisha akiwa na sale. Baba akalipokea, akamkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanywa kibuyu kimoja. Kisha baba akaniambia nitaolewa kwingine. Mimi ndiye niliyewamiminia."

Swaleh akavuta kreti ya soda, akaketi, akaanza kufuta mistari kwenye karatasi zake.

Kesho yake Mangi alilipokea jani. Mektrida alisimama kando ya kamera akimwelekeza Aika: "Usilie. Mimina. Mkono usitetemeke, baba anakutazama." Aika akamimina, kwa mhunzi kwanza, halafu kwa baba yake. Swaleh akamwomba Mektrida aigize bibi wa binti, anayemvisha mjukuu wake nguo za kupelekwa kwa mume asiyemtaka. Alikubali bila kujivutavuta. Alimfunga Aika shuka kama alivyofungwa yeye, akamnyoosha mabega, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. Walirekodi mara moja tu.

Filamu ilipoonyeshwa Moshi, Mektrida alikaa safu ya mbele na binti yake Beatha, muuguzi wa hospitali ya Mawenzi. Kibuyu kilipoinuliwa, Beatha alimgeukia mama yake. Taa zilipowashwa watu walisimama kumpigia makofi, naye akasimama pia, akawapungia.

Nje, Beatha alimshika mkono. "Mama, yule kijana alikuwaje?"

"Alikuwa mtu mzuri. Na baba yako alikuwa mtu mzuri. Usiwapime."

Mwezi uliofuata mwongozaji mwingine alimpigia simu akimtaka aigize malkia.

"Niletee hadithi niisome kwanza," Mektrida akamjibu. "Penye uongo nitakwambia."