Kitambaa cha Kuku na Kicheko cha Lomoro

"Haboba, kitambaa changu kiko wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Usiniulize gani! Hicho alichokivaa kuku wako mguuni!"

Kuku naye, msaliti, akainua mguu ili mtaa wote wa Gumbo uone.

"Kuku ni mwanamke," nikamwambia mjukuu wangu, anayeniita haboba, yaani bibi. "Kwani yeye hapendi kupendeza?"

Harriet hakucheka. Mezani pake kulikuwa na diski mbili nyeusi za kompyuta, zinafanana kama mapacha. Sheria yake naijua: diski yenye vitu vya mtu huifunga kitambaa cha kitenge, isiyo na kitambaa ndiyo ya kufutwa. Lakini asubuhi nilihitaji kamba, kuku wangu asije akavuka barabara ya Nimule akakanyagwa na malori. Nikafungua kile kitambaa. Diski zote mbili zikabaki uchi. Harriet akachukua moja, akaifuta, akaanza kuiwekea Windows mpya, akidhani ni ya Abdiqafar muuza saruji. Ilipofika asilimia saba akaona jina la mwenyewe limeandikwa upande wa chini, akachomoa waya kama mtu anayechomoa mwiba.

"Haboba, hii ni ya mama Teresina. Leo saa tisa ni sala ya arobaini ya mzee Lomoro. Sauti yake iko humu, na haiko pengine popote."

Hapo nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye. 

Lomoro alikuwa mchimba visima. Mkewe Teresina alitaka wageni wamsikie akicheka, mara moja tu, kabla ya kuondoa matanga. "Sisi tumelia siku arobaini," aliniambia. "Siku ya mwisho acheke yeye."

Sebit, fundi wa simu wa meza ya pili kwenye kibanda kimoja na Harriet, akanyoosha shingo. "Si nilisema kompyuta hutaziweza? Harriet, rudi ukasuke nywele."

Sasa mtoto huyu msimwelewe vibaya. Alizaliwa kambini Adjumani, kule Uganda, akiwa amekunja ngumi. Tulipomkunjua vidole tukakuta skrubu. Sebit anabisha, lakini yeye alikuwepo? Akiwa na miaka saba alifungua redio ya katekista, akaifunga tena, vyuma viwili vikabaki mkononi, na redio ikaanza kushika stesheni ambazo katekista hakuwahi kuziota. Tuliporudi Juba alisuka nywele za watu mpaka akanunua bisibisi zake. Huu mwaka wa sita meza yake ipo hapa, na wenye maofisi ya Thongpiny, ng'ambo ya mto, wanavuka daraja kumletea kompyuta zilizowashinda.

"Sebit, hizo kelele peleka kwa simu zako," akasema Harriet. Akaunganisha diski na kompyuta nyingine, akatia programu ya kutafuta vilivyofutwa. "Haboba, kufuta si kuchoma. Nimefuta orodha tu. Vitu vyenyewe bado vimelala humo, ila pale Windows ilipokanyaga."

Betri ya sola ilikuwa nusu. Akazima feni. Akazima na redio ya Sebit, bila kuomba.

Saa sita vitu vikaanza kutoka, lakini vilitoka bila majina. Elfu tatu na zaidi, namba tupu. Tukagawana waya wa masikio, sikio moja lake, moja langu.

"Huyu?"

"Huyo ni mbuzi."

"Na huyu?"

"Shemeji yake Lomoro. Hacheki huyo, anapiga chafya."

Saa nane na nusu akaja masikioni mwanamke mwenye sauti nzuri sana. Anaeleza jinsi mamba alivyomeza cherehani yake mtoni, na mwaka uliofuata mamba huyo akatoka majini amevaa suruali aliyojishonea. Nikamshika Harriet mkono.

"Usizime! Huyo ni mimi, siku ile nyumbani kwa Lomoro!"

"Haboba, tunamtafuta mzee Lomoro, si uongo wako."

"Uongo? Ngoja nifike kwenye vifungo. Kwenye vifungo Lomoro huwa hajiwezi."

Tukangoja. Mamba akashona mfuko wa kushoto, akashona wa kulia, akakosa vifungo, akapanda bodaboda kwenda soko la Konyokonyo kuvinunua. Hapo Lomoro akaachia. Kile kicheko chake, cha mtu aliyezoea kucheka akiwa ndani ya kisima ili walio juu wasikie.

Harriet akaruka, meza ikayumba, waya ukachomoka, na kicheko kikajaa barabara nzima.

"Nirudi kusuka nywele, eh? Sebit, lete hicho kichwa nikisuke!"

Sebit mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka.

Harriet akanakili kicheko kwenye flashi mbili, akainama, akamvua kuku kitambaa, akaifunga diski mafundo matatu.

"Haya, haboba. Sasa tuongee habari ya kuku."

"Mwanangu, kuku huyu alikifungua mwenyewe. Nilimwona kwa macho haya, alitumia mdomo, halafu aka—"

Mlangoni alikuwa amesimama mama Teresina, na gauni lake jeusi, mkono kifuani. Kwenye kompyuta, Lomoro alikuwa bado anacheka.