Mtu wa Nchi Kavu

Nikiukumbuka mwezi wa tano wa mwaka niliomaliza chuo, mwanangu, siikumbuki sherehe wala lile joho la kukodi. Nakumbuka mstari mmoja kwenye fomu. Uliniamsha siku tano mfululizo, nikawa nalala chali katika apatimenti yangu ya Columbia Heights, Minnesota, naangalia dari na kujiuliza swali lile lile: nikipotea, ni nani atakayejua kwamba sijarudi?

Nakuita mwanangu na najua utacheka, maana nimekuzidi miaka minane tu. Lakini mama yako ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na cheo hicho sikukiomba. Jana ulinipigia ukasema unaondoka Jumatatu ijayo kwenda kuanza kazi jimbo la mbali, na ukaniomba nisimwambie bibi mpaka uwe umefika. Uliyasema kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa nakumbuka.

Treni mpya ya kwenda Saint Paul ilikuwa na mwaka mmoja hivi tangu ianze, nami nilikuwa naipanda bila sababu, kufika mwisho na kurudi, ili tu nikae karibu na watu. Nilikuwa na shahada ya baiolojia na sikuwa na kazi. Ndipo nikapata nafasi ya miezi miwili ya kuhesabu ndege na wanyama wa baharini, kwenye boti ndogo ya watu sita, pwani ya Alaska, mahali pasipo barabara wala mji. Walinitumia fomu. Jina, umri, mzio wa chakula, yote nilijaza. Halafu mstari ule: jina na simu ya mtu wa nchi kavu. Maana yake ni mtu anayebaki na karatasi ya safari yenu, anayejua mtapita wapi na mtarudi lini, na saa ya kurudi ikipita bila habari, yeye ndiye anayepiga simu mtafutwe.

Wewe unajua nyumbani kwetu safari haitangazwi. Hukuyaona yaliyotufundisha hivyo, ulikuwa mgongoni. Tulipokimbia kutoka Fizi, kule Kongo, kuvuka Ziwa Tanganyika, hatukumuaga hata jirani wa ukuta mmoja. Tulipotoka kambi ya wakimbizi kuja Amerika, siku ya basi ilifichwa hata kwa mwalimu wangu. Usiseme unaenda, sema umefika. Nilikua hivyo, na niliona ni busara tupu.

Tena kulikuwa na jambo la maji. Kaka yake bibi yako, mjomba Elia, aliingia kwenye mtumbwi wa injini upande wa Kongo na hakufika Kigoma. Nani angemwambia mama kwamba binti yake naye anapanda boti kwa hiari yake?

Nikafikiri na kufikiri, unavyonijua. Nikiandika jina la mama na wakampigia, ataona namba ngeni na presha itampanda kabla hajasema allo. Nikiandika la mama yako, nakupenda na ninampenda, lakini siri haikai kwake saa nzima. Nikiandika la mchungaji, Jumapili nitaombewa kwa kipaza sauti. Fomu ile niliifungua na kuifunga mara kumi na moja. Mwishowe nikafanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa na simu ya zamani iliyopasuka kioo, laini yake ingali hai. Nikaandika namba ya simu hiyo. Kwenye jina nikaandika jina langu la pili. Nikaichomeka kwenye chaja, nikaiacha ndani ya droo ya jikoni. Mama nikamwambia naenda semina, na kwamba huko mtandao ni mbaya.

Pwani ile, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Milima inaingia moja kwa moja majini, na boti inapita katikati kama inaomba radhi. Wawili walihesabu, mmoja kila upande, mimi nikaandika: tai wenye vichwa vyeupe, sili waliolala juu ya miamba, ndege wafupi wenye midomo ya rangi ya chungwa kama waliojipodoa kwenda harusini. Asubuhi moja nyangumi alipumua karibu yetu, harufu ya samaki ikatufunika wote. Walipotaja idadi, niliihesabu kwa Kiswahili kichwani na kuiandika kwa Kiingereza. Niliowapenda zaidi ni fisi-maji. Mama fisi-maji akitaka kuzamia kutafuta chakula, humviringishia mtoto wake majani marefu ya mwani yaliyoota kutoka chini, asichukuliwe na mkondo. Mtoto hulia wakati wote huo. Mama akiibuka, anamkuta pale pale alipomwacha.

Jioni wenzangu walizungumza juu ya watu wao. Mmoja mumewe alikuwa amebandika ramani jikoni na kusogeza pini kila siku. Mwingine baba yake aliangalia hali ya hewa ya Alaska kabla ya kuangalia ya kwake. Mimi, zamu yangu ya kusimulia ikikaribia, niliinuka nikaosha vyombo.

Siku tuliyopaswa kurudi bandarini, ukungu ulishuka. Hatukuona hata ncha ya boti yetu. Kapteni, mwanamke wa miaka sitini hivi mwenye maneno machache, alitia nanga kwenye ghuba ndogo, tukakaa. Kesho yake ukungu ukawa vile vile. Akatoa simu ya setilaiti na fomu zetu, akaanza kuwapigia watu wa nchi kavu mmoja mmoja ili wasiite waokoaji bure. Boti ni ndogo, kila kitu kinasikika. Yule mume alipiga kelele ya furaha. Yule baba aliuliza kama tuna chakula cha kutosha, akauliza tena. Kisha ikawa zamu yangu. Iliita, ikaita. Akaacha ujumbe, akajaribu tena baada ya chakula.

"Hapokei mtu," aliniambia. "Nijaribu nani mwingine?"

Nikasema hakuna haja, labda wako kazini. Akanitazama, kisha akaitazama fomu, na nadhani hapo ndipo alipoliona jina langu la pili.

"Kama jana tungezama," alisema taratibu, "ni nani angekuwa dirishani saa hizi?"

Nilitoka nikakaa nyuma ya boti. Hapakuwa na cha kuhesabu, weupe mtupu, na mahali fulani ndani ya weupe ule mtoto wa fisi-maji alikuwa analia. Nilikaa pale mpaka nywele zikalowa.

Tulikwama siku tatu. Niliporudi Columbia Heights, nilikuta vitu vyote vimekaa kama nilivyoviacha. Hakuna aliyejua kwamba nilichelewa. Nikafungua droo. Simu ilikuwa ya moto kwa kukaa kwenye chaja, na kioo chake kilionyesha simu mbili zisizopokelewa na ujumbe mmoja wa sauti. Nikausikiliza nimesimama. Ilikuwa sauti ya kapteni, laini kuliko nilivyowahi kuisikia: "Samahani kwa kuwasumbua. Nilitaka tu mjue kwamba Furaha wenu yuko salama. Ni ukungu, si kingine. Anakula vizuri. Msiwe na wasiwasi."

Furaha wenu. Nikatazama jikoni. Sufuria moja, kikombe kimoja, na taulo nililolitundika mimi mwenyewe siku ya kuondoka. Nimeishi kambini, nimeishi chumba kimoja na watu tisa, na nimeona shida ambazo wewe, Mungu ashukuriwe, huzikumbuki. Lakini upweke kama wa siku ile sijauona. Na nilikuwa nimejitengenezea kwa mkono wangu, kwa akili nyingi.

Nikapanda mabasi mawili mpaka Richfield. Bibi yako alikuwa ametoka zamu yake ya kufua mashuka ya hoteli, anapika sombe ya majani ya muhogo, miguu mitupu. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaweka simu mezani nikamchezea ujumbe. Nilidhani hataelewa Kiingereza kile. Alielewa.

"Ukungu wa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia yote: boti, fomu, droo. Alipunguza moto chini ya sufuria, akaketi, akafuta mikono kwenye kitenge muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilingoja kelele. Ningepona haraka kama angepiga kelele.

"Bon, sawa," alisema. "Mimi nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na watu wanatufuata watuue. Wewe, Furaha, hapa Minnesota, nani alikuwa anakufukuza?"

Kisha akanisimulia habari ya mjomba Elia, ambayo nilidhani naijua. Mjomba aliondoka kimya, kama sisi sote. Mama alikuwa ameshatangulia Kigoma. Habari kwamba alikuwa kwenye mtumbwi ule ilimfikia miezi miwili baadaye, kupitia mtu aliyekuwa anasimulia habari nyingine kabisa. Miezi miwili hiyo alikuwa akiteka maji, akisuka nywele zetu, akicheka na majirani.

"Nilicheka," alisema. "Ndugu yangu yuko majini na mimi nacheka. Ningejua siku aliyotoka, ningekaa ufukweni. Labda nisingemwokoa. Lakini ningemngoja. Hakunipa hata siku ya kuanza kumngoja, na wewe ulitaka kunifanyia vile vile."

Akainuka akakoroga sombe. Akaniuliza kama huyo kapteni alisema kweli kwamba nilikula vizuri, maana haikuonekana. Nikala sahani mbili, machozi yakiingia humo humo, naye akajifanya hayaoni.

Mwaka uliofuata waliniita tena. Fomu ikaja na mstari wake, na sitakudanganya, niliogopa upya. Nilifikiria presha yake, nikafikiria usiku atakaoukesha kwa ajili yangu. Niliifungua fomu, nikaifunga. Halafu nikaichapa kwenye karatasi, nikaenda nayo Richfield, nikaijazia kwenye meza ile ile yeye akiwa pembeni.

"Andika majina yangu yote matatu," alisema. "Wasije wakasema hawakunipata."

Nikaandika yote matatu. Tukafanya mazoezi ya Kiingereza cha simu, mimi kapteni, yeye mama, na kila mara alianza na allo kisha akauliza kama ninakula. Nikambandikia ramani kwenye friji. Akachukua kalenda ya kanisa na kalamu nyekundu, akazungushia siku ya kutoka na siku ya kurudi, akakandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Kiangazi kile, kapteni alipopiga kujaribu namba, ilipokelewa kabla haijamaliza kuita mara ya kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Kimya kilitulinda sisi kule, na sikidharau. Lakini usikibebe kama shati la kurithi, ukalivaa mahali ambapo hakuna baridi ile. Anayekupenda ataogopa, ndiyo, na hofu hiyo ni haki yake. Usimnyang'anye kwa kisingizio cha kumhurumia. Mwambie siku unayotoka, njia unayopita, na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Mimi nimejifunza kwamba ninaweza kukaa mbali sana, hata kwenye ukungu, nisiwe peke yangu, mradi kuna mtu mmoja anayejua ninapaswa kuwa wapi.

Sitamwambia bibi. Utamwambia mwenyewe, Jumapili, baada ya ibada, kabla hajavua viatu vizuri. Atanyamaza kwanza. Usimkatize. Mungu akufikishe salama, akupe watu wema huko uendako, na asikuache hata siku moja bila mtu wa kukungoja. Kalamu nyekundu iko juu ya friji.