Kijiko cha Kuonjea

Kwa miaka kumi na minane nililipwa mshahara kwa ajili ya ulimi wangu. Kazi nyingine zote za kantini ya kiwanda cha magodoro, kumenya viazi, kusugua masufuria, kuchochea moto, mtu yeyote mwenye mikono angeziweza, na ndiyo maana nilimwombea wifi yangu nafasi pale. Kaka yake alikuwa ameshaniacha, akaniachia dada mtu kama anayehama nyumba na kusahau kiatu kimoja. Nami nikakiokota kile kiatu, nikakipangusa vumbi, nikakitafutia ajira.

Kuonja kulikuwa kwangu peke yangu. Meneja aliondoa chumvi mezani siku alipogundua kwamba wafanyakazi wanaifunga kwenye vikaratasi na kwenda nayo nyumbani. Tangu hapo, chumvi ya watu mia mbili ikatoka mkononi mwangu. Kijiko cha kuonjea nilikivaa shingoni kwa kamba, na hakuna sufuria iliyoepuliwa kabla sijaonja na kutikisa kichwa. Waliniita Mama Chumvi. Nami nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Kisha siku moja nikaanguka stoo, juu ya magunia ya mchele. Nilichagua mahali pazuri.

"Mama, presha yako iko juu sana, na figo zimeanza kuchoka," daktari akaniambia. "Kuanzia leo, chumvi basi."

"Basi kabisa, au basi ya kusema tu?"

"Kabisa. Hata kuonja."

"Daktari, mimi kazi yangu ni kuonja."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nilifurahi kumchangamsha, maana foleni yake ilikuwa ndefu. Akanipa karatasi. Mimi nasoma kwa kubabaisha, na mwandiko wa daktari hata waliosoma unawashinda, kwa hiyo nilimpelekea mlinzi wa getini. Akaifuata kwa kidole: hakuna vya kukaanga, hakuna nyama ya kopo, hakuna samaki mkavu, hakuna jibini. Jibini niliiacha siku ile ile bila shida yoyote, kwa kuwa sijawahi kuila.

Nikajinunulia kisufuria kidogo, nikawa nachemsha viazi vyangu na mboga pembeni ya masufuria makubwa. Wiki ya kwanza nilikula kama mtu anayetafuna godoro. Kuonja sikuacha; nilionja na kutema kwenye sinki, nikijiona mjanja kumshinda daktari. Kiwandani sikumwambia mtu, isipokuwa mlinzi. Mpishi asiyeonja ataambiwa akapumzike nyumbani, na nyumbani kwangu aliyekuwa akileta chakula ni mimi.

Wifi hakuhitaji kuambiwa. Macho anayo.

"Wifi, mbona siku hizi unatematema? Au umri huu unatuletea mtoto?"

"Baba yake nani, wifi? Kaka yako aliondoka na suruali zake zote."

Lakini mwezi wa pili ulimi ulinigeuka. Umekaa bila chumvi mpaka sasa ukiguswa na punje mbili unaona umemwagiwa kopo zima. Mimi naonja maharage, nasikia yamekolea; watu wanakula, wanatazamana.

"Mama Chumvi, leo umetupikia chakula cha wodini?" akauliza fundi cherehani mmoja mbele ya wote.

Meneja akaniita. Akasema nina wiki moja ya kurekebisha mambo, na kwamba wifi yangu, "kwa uchungu wa kazi", ameshajitolea kushika kijiko. Nikamshukuru kwa kunieleza. Uchungu wa wifi naujua. Ndio uliomsaidia kaka yake kubeba kitanda changu.

Usiku sikulala, nikafikiri. Mkono wangu si ulikuwa unajua? Miaka kumi na minane umetia viganja vitatu kwa kila sufuria, kuonja kulikuwa kuhakikisha tu. Kesho yake nikatia viganja vitatu, nikafumba mdomo, nikatikisa kichwa kama zamani. Kisha nikaenda stoo kutoa mchele wa kesho.

Saa ya kula, wa kwanza alitema. Wa pili akasukuma sahani. Baada ya dakika tano hakukuwa na anayekula, na meneja alikuwa amesimama jikoni na sahani yake mkononi.

"Nani ametia chumvi humu?"

"Mimi," nikasema. "Viganja vitatu."

Akamgeukia wifi. Wifi akatazama dari, kisha miguu yake.

"Mimi niliongeza vitatu," akasema. "Sikumwona akionja, bosi. Ulimi wake umekufa, anaumwa. Nilikuwa naokoa kazi."

"Kweli unaumwa?"

"Naumwa. Chumvi nimekatazwa."

Nikangoja nifukuzwe. Lakini njaa haina cheo. Macho ya meneja yalikuwa kwenye kisufuria changu. Akakifunua, akachota viazi vyangu bila kuomba ruhusa, akatafuna, akakunja uso. Kisha akafungua kopo la chumvi, akanyunyiza kidogo kwa vidole, akala tena. Akamaliza chakula changu chote, na mimi mgonjwa namtazama.

"Mbona kizuri?" akasema.

"Kizuri kwa sababu umejitilia mwenyewe," nikamjibu. "Rudisha chumvi mezani, bosi. Mimi nitapika bila chumvi, kila mtu ajikoleze anavyotaka. Wakiiba, wataiba ya kujaza mfuko tu. Leo umemwaga masufuria mazima."

Alifikiri huku akilamba vidole. Jumatatu kila meza ilikuwa na kibakuli cha chumvi, na mimi nikabaki mkuu wa jiko. Sasa chakula changu kinatoka kwenye sufuria kubwa kama cha wengine.

Siku hiyo hiyo nilivua kijiko shingoni, nikamvisha wifi mbele ya watu.

"Chukua, wifi. Ulikitaka sana."

Anakivaa mpaka leo, maana kukivua ni aibu. Kinamgonga kifuani kila akiinama kumenya viazi.